Pilipili Juu ya Mtelezo

Saa saba na robo mchana Getaneh alinawa mikono, akajitupa kwenye godoro akiwa bado na soksi, akaugeukia ukuta. Etagegn, mkewe, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha watoto. Yafet, mwenye miaka mitano, akamnong'oneza mdogo wake Arsema, kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi ngazini, kwamba baba amelala na atakayepiga kelele atachapwa na mama.

"Sijasema hivyo," Etagegn alisema taratibu. "Vaa viatu."

"Nitavaa nje."

"Nje wapi, ngazini? Vaa hapa hapa."

Viatu vya Arsema vilikuwa vya mkanda wa kunatia. Akaubandika, akaubandua, akaubandika tena, krrr, krrr, kwa sababu sauti ile ilimpendeza. Etagegn alimbeba na viatu vyake mkononi, akafungua mlango polepole kama mwizi, akamsukuma Yafet kwa goti. Walipofika ngazi ya pili ndipo akapumua.

Chumba chao kilikuwa kimoja tu, ghorofa ya nne, na pazia la bluu dirishani. Ndani ya chumba hicho hapakuwa na mahali ambapo mtoto angeweza kuwa mtoto na mtu mwingine akalala. Na Getaneh alipaswa kulala. Hilo Etagegn alikuwa ameliapia moyoni mwake tangu siku nane zilizopita.

Getaneh alikuwa dereva wa basi la kiwanda cha nguo, zamu ya usiku. Kila jioni saa kumi na mbili aliwazoa wasichana thelathini na saba kutoka mitaa hii ya Addis Ababa akawapeleka kiwandani, na alfajiri akawarudisha. Jumanne ya wiki iliyopita, wakati wa kurudi, alisinzia. Tairi la mbele lilipanda ukingo wa barabara, likashuka tena. Wasichana waliokuwa wamelaliana mabegani walirushwa, mmoja akapasuka mdomo. Aliwaambia amemkwepa mbwa. Ukweli alimwambia mkewe peke yake, akiwa amekaa chini bafuni na mlango umefungwa, na akamwapisha kwa jina la Mariamu asimwambie mtu. Wasichana wanane kati ya wale thelathini na saba walikuwa wakazi wa bloku hizi hizi. Mmoja alikuwa Meskerem, binti wa Zinash wa chini, mama wa makamo ambaye wote walimwita Etete kwa heshima.

Kwa hiyo Etagegn akajiwekea sheria. Kuanzia saa saba na nusu hadi saa kumi na moja watoto hawaonekani chumbani. Barabarani malori ya mchanga yalipita mfululizo, kwa majirani palikuwa na vyumba kama chake, na nyumba ya kahawa ilitaka mtu anunue kahawa. Kilichobaki ni kiwanja cha watoto kati ya bloku ya kumi na nne na ya kumi na tano: mtelezo mmoja wa bati wenye ngazi nyuma, bembea mbili, moja ikiwa imebaki minyororo mitupu, na shimo la mchanga lililokuwa limegeuka udongo.

Hata hicho kiwanja hakikuwahi kumpa mchana mzima. Ijumaa palikuwa na hema la msiba na wazee wamekaa juu ya mabenchi hadi ukingoni mwa mchanga. Mtoto hawezi kupiga kelele za furaha mbele ya wafiwa. Jumatatu mtu aliegesha lori la kuhamisha vyombo. Jana alikuta magunia mawili ya pilipili nyekundu ya Etete Zinash yakitolewa vikonyo, naye kwa adabu alikaa akasaidia kutoa vikonyo, watoto wakimvuta sketi.

Leo alipopinda kona ya bloku alisimama. Kiwanja chote kilikuwa chekundu.

Turubai tatu zilikuwa zimetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zimejaa pilipili. Palipoishia turubai palikuwa na mikeka, na palipoishia mikeka palikuwa na shuka. Mtelezo wenyewe, kuanzia juu hadi chini, ulikuwa umepangwa pilipili safu kwa safu kama samaki sokoni. Na juu ya bembea ile moja nzima alikaa Etete Zinash, amejitanda shela nyeupe, miguu inaning'inia, fimbo ndefu mapajani.

Hewa iliwasha pua. Arsema alipiga chafya mbili.

"Etete Zinash, umeshindaje?"

"Mungu asifiwe. Wewe umeshindaje? Watoto wameshindaje? Mwenzio ameshindaje?"

"Tuko salama. Amelala."

"Mwache alale, maskini. Kazi ya usiku inakula mtu. Meskerem wangu nimemwacha anakoroma kama trekta." Alijibembea kidogo, mnyororo ukalia. "Mrembo wangu Arsema, njoo nikuone. Mbona una makamasi?"

"Ni pilipili," Yafet alisema.

"Ni pilipili ya harusi, mwanangu. Hiyo haileti makamasi."

Etagegn alimkonyeza mwanawe anyamaze. "Etete, na mtelezo nao umeanikiwa?"

"Bati hilo." Etete Zinash alisema kama mtu anayetoa siri ya kupata mali. "Likishika jua ni kikaango. Kwenye turubai pilipili inataka siku nne, hapo siku mbili imekwisha. Watu wa serikali walileta kitu cha maana bila kujua."

"Na watoto watachezea wapi?"

"Si wana miguu? Wakimbie."

"Wakimbilie wapi?"

Etete Zinash alitazama kulia, akatazama kushoto, kote kulikuwa na pilipili yake. Akanyoosha fimbo kuonyesha kijia kilichobaki kati ya mapipa ya taka na kibanda cha mlinzi. "Pale pana nafasi nzuri."

Pale palikuwa na hatua sita kwa tatu. Ndani ya kibanda mlinzi, mzee Belihu, waliyemwita Gashe kwa heshima, alikuwa akinywa kahawa kwenye kikombe chenye maua ambacho hakikuwa chake. Etagegn alikijua kikombe kile. Kilitoka kabatini kwa Etete Zinash.

"Gashe," alimwambia, "hiki kiwanja ni cha watoto au cha kuanikia?"

Gashe Belihu alikunywa kwanza. "Mimi ni mtu wa geti, binti yangu. Mambo ya kiwanja ni ya kamati ya bloku."

"Mwenyekiti wa kamati ni nani sasa?"

Mzee akatazama ndani ya kikombe.

"Ni mimi," alisema Etete Zinash kutoka bembeani. "Tangu Septemba. Una malalamiko, mwanangu? Sema, nakusikia."

Etagegn alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Alikuwa mtu wa kuvumilia, hata mama yake alikuwa akimsema kwamba angekanyagwa na ng'ombe angeomba radhi. Alimwomba Etete Zinash jambo moja tu: mtelezo. Turubai zibaki, mikeka ibaki, ila mtelezo uachwe huru mpaka saa kumi.

"Mwanangu," Etete Zinash alishusha sauti, si kwa hasira, "jua likifika kwenye paa lile pale, kiwanja kizima kina kivuli. Nina saa mbili tu. Harusi ni Januari, baada ya sikukuu ya Ubatizo. Kabla ya hapo pilipili ikauke, isagwe na viungo, ikae. Upande wa bwana harusi ni watu wa kuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi na kunyamaza. Unawajua watu wa namna hiyo? Nina binti mmoja. Niache nimwoze."

Hasira ilimpanda Etagegn. Alitaka kusema: binti yako huyo huyo jioni atapanda basi la mume wangu, na mume wangu asipolala hutakuwa na wa kumwoza. Alilisikia lile neno likigonga meno. Akameza. Alikuwa ameapa.

"Sawa, Etete," alisema.

Wakakaa kwenye zile hatua sita kwa tatu. Alitoa shayiri ya kukaanga mfukoni, akawagawia punje punje ili zichelewe kwisha. Wakahesabu magari meupe getini. Yakapita manne, kisha lisije jingine. Wakacheza mchezo wa nani anayenyamaza zaidi, na Yafet alishindwa kila mara kwa sababu alikuwa anatangaza kwamba anashinda. Arsema alitaka kukojoa; kupanda nyumbani hakukuwezekana, akapelekwa nyuma ya bloku, na Gashe Belihu akatoa kichwa kibandani kusema si vizuri, watu wanaishi hapa.

"Na sisi ni watu wa hapa, Gashe."

"Nasema tu."

Waliporudi Yafet hakuwapo. Alikuwa amezunguka kwa nyuma, ameshapanda ngazi tatu za mtelezo. Etete Zinash hakushuka bembeani. Alinyoosha fimbo akagonga bati, kong, na sauti ile ilipanda kuta za bloku zote mbili ikarudi. Etagegn aliinua macho kwenye pazia la bluu. Halikutikisika. Akamshusha mtoto kwa mkono mmoja.

"Nilikuwa naangalia tu kama imekauka," Yafet alilalamika.

"Imekauka?" Etete Zinash alimuuliza.

"Bado."

"Basi shuka, mkaguzi."

Gashe Belihu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Etagegn hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu ya saa. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Kama Getaneh alilala saa saba na nusu, basi tayari ana saa moja na kitu. Akifikisha saa tatu na nusu za usingizi, mwili wake utatosha kushika usukani hadi asubuhi. Zilibaki saa mbili. Saa mbili na watoto wawili kando ya pipa la taka. Arsema alianza kuvuta sauti ile ndefu nyembamba ambayo kwake ilikuwa mwanzo wa kilio. Etagegn akamziba mdomo kwa kiganja, kwa upole, kama alivyofanya kila siku ya wiki ile, na mtoto akazoea kiasi kwamba akalilia mle mle ndani ya kiganja, machozi yakitoka na sauti ikibaki.

Kengele ya kanisa ililia saa tisa.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kufunga, na Etete Zinash alikuwa mtu wa kufunga kwelikweli, hata maji hayapiti mpaka saa tisa. Sasa alishuka bembeani, akajifanyia msalaba usoni, akafungua sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Injera tatu, ile mikate myembamba laini, zimekunjwa, na katikati shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu.

"Njooni tule," aliita.

"Kula, Etete. Tumeshakula."

"Nani amekuuliza kama mmekula? Njoo. Hata kama umenikasirikia, njoo. Yafet, mkaguzi wangu, njoo."

Huwezi kukataa. Mtu mzima uliyebishana naye muda si mrefu akikuita kwenye sahani yake, ukikataa umesema jambo ambalo halitasahauliwa katika bloku ile mpaka watoto wako waoe. Etagegn alisogea na watoto. Etete Zinash alimimina maji kidogo kwenye vidole vyake, akavifuta kwenye sketi. Akamega injera, akaizungushia shiro, akaifinyanga tonge kubwa kuliko mdomo wa mtoto.

Hapo Etagegn aliviona vidole. Toka alfajiri vilikuwa vinageuza pilipili. Chini ya kila kucha palikuwa pekundu, na mikunjo ya viganja ilikuwa myekundu kama iliyochorwa kwa kalamu. Maji yale hayakuwa yameondoa kitu. Alivitazama vikienda kwenye mdomo wa mwanawe. Angeweza kusema, ngoja Etete, nitamlisha mwenyewe. Lakini tonge hulishwa kwa mkono wa anayekukirimu. Ukilidaka na kulilisha mwenyewe umemwambia mkono wake ni mchafu. Wakati anatafuta maneno ya kupitisha katikati, Yafet alishafungua mdomo.

"Moja halitoshi," alisema Etete Zinash, kama desturi ya kulishana inavyotaka, na kumpa la pili. "Na wewe, mrembo."

Arsema naye akala, mashavu yakavimba.

Ikapita kama hesabu ya kumi. Yafet alijifuta midomo kwa mkono. Halafu aliacha kutafuna. Macho yakajaa machozi, akayafikicha kwa mkono uleule.

Sauti aliyoitoa haikuwa ya kuzibwa kwa kiganja. Arsema alimtazama kaka yake kwa mshangao, kisha naye midomo ikamfikia, akafuata. Watoto wawili katikati ya bloku mbili za saruji, chini kabisa ya pazia la bluu.

"Maji," Etete Zinash alisema, "Belihu, lete maji."

"Maji yanazidisha," Etagegn alisema. Alikuwa amemshika Yafet mikono yote miwili ili asijifikiche tena, na mtoto anapiga mateke. "Maziwa. Nahitaji maziwa."

"Leo Jumatano, hata maziwa tunafunga, mwanangu. Kwangu maziwa yatoke wapi?"

"Gashe, dukani basi."

"Dukani nani aache geti?"

"Nyamaza, mwanangu, nyamaza, baba amelala," Etagegn alikuwa akisema, bila hata kujisikia anayosema, huku akimfuta macho kwa pindo la shela yake. "Nyamaza kidogo tu."

Ndipo alipoona miguu ya mumewe mbele yake. Getaneh alichuchumaa, mkononi ana ule mfuko wa maziwa ya watoto uliokuwa dirishani, ameshauchana kona kwa meno. Alimwinamisha Yafet kichwa, akamwagia maziwa machoni, akampa mdomoni, akasema tema, kunywa, tema. Kisha Arsema. Maziwa yalitiririka kwenye vifua vya watoto na kwenye pilipili za pembeni. Kilio kilishuka kikawa kwikwi.

Etagegn alikuwa amepiga magoti, na kutoka pale chini jambo la kwanza aliloliona lilikuwa viatu. Viatu vya Getaneh vilikuwa vimefungwa kamba, fundo mara mbili. Shati limefungwa vifungo vyote. Shavuni hapakuwa na alama ya mto. Na maziwa. Nani alimwambia maziwa? Tangu mtoto alie hata dakika mbili hazijapita, na ngazi ni za ghorofa nne.

Etete Zinash ndiye aliyesema kwanza. "Pole, Getaneh, mwanangu. Ni mkono wangu huu. Tumekuharibia usingizi."

"Hamjaharibu kitu, Etete."

"Utarudi ulale kidogo."

"Nitarudi."

Labda ni yale maneno "kidogo" na "nitarudi". Labda ni yale mapipa, na zile siku nane. Etagegn alisimama, na sauti ilipomtoka haikuwa kubwa, lakini Gashe Belihu aliweka kikombe chini.

"Etete, wiki iliyopita Jumanne, Meskerem alikuambia nini kuhusu basi?"

"Etagegn," alisema Getaneh.

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia walikwepa mbwa," Etete Zinash alijibu. "Rafiki yake alipasuka mdomo."

"Hapakuwa na mbwa. Alisinzia. Mume wangu alisinzia na watu thelathini na saba ndani, na binti yako kiti cha tatu. Ndiyo maana nakuja hapa kila siku na hawa watoto. Ndiyo maana nimekuomba mtelezo. Si kwa ajili ya kuteleza."

Getaneh alikuwa anautazama ule mfuko mtupu wa maziwa. Etagegn alitegemea Etete Zinash aone haya, aombe radhi, aanze kukunja turubai zake. Ndivyo alivyokuwa ameiwaza saa hiyo katika siku zote za kumeza maneno. Lakini uso wa Etete Zinash ulibadilika kwa namna nyingine kabisa.

"Jumanne ya wiki iliyopita," alisema. "Na leo ni Jumatano. Umenisalimia mara ngapi tangu siku hiyo?"

Etagegn alimfuta Arsema maziwa kidevuni.

"Jana umekaa hapa. Hapa. Umetoa vikonyo na mimi gunia zima, nakuhadithia habari za gauni. Unaitikia. Jioni mwanangu akapanda lile basi na wewe umekaa kimya."

"Niliapa."

"Uliapa." Etete Zinash alitingisha kichwa. "Ungeniambia ningeianika barabarani hii pilipili. Ningeianika juu ya kichwa changu. Unaniomba mtelezo. Mtu anaomba mtelezo kwa jambo kama hilo?"

Hasira yote ya Etagegn, iliyokuwa na mahali pa kwenda kwa wiki nzima, ikakosa mahali. Akamgeukia mumewe.

"Umelala saa ngapi leo?"

"Nimelala."

"Getaneh, viatu vyako vimefungwa mafundo mawili."

Aliviangalia. Akakaa chini, pale pale kwenye udongo, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Sijalala," alisema. "Leo sijalala, na jana. Nikifumba macho naliona tairi linapanda. Nikifumbua linaacha. Asubuhi usingizi unanibeba nusu saa, basi."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Mkitoka nageuka naangalia dari. Nawasikia mnavyoshuka ngazi. Nasikia kila kitu huku chini, hata hiyo fimbo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unahangaika sana nilale." Alijaribu kutabasamu. "Niliona aibu kukuambia haisaidii."

Etagegn alijiona anataka kumpiga na kile alichokuwa amekishika, na alichokuwa amekishika ni kiatu cha Arsema kilichomvuka mguuni. Siku nane. Hema la msiba, lori, pipa la taka. Amewafundisha watoto wake kulia bila sauti, na kule juu mtu alikuwa amelala macho wazi akiwasikiliza. Alikirusha kile kiatu chini. Kikaangukia kwenye pilipili.

"Leo Meskerem hapandi," alisema Etete Zinash. "Na wale wengine saba nitawagongea milango mmoja mmoja."

"Ukiwaambia, kiwandani watajua," Getaneh alisema. "Watanifukuza, Etete."

"Nitawaambia, Getaneh. Sikuombi ruhusa. Nakuambia ili ujue."

Getaneh alimtazama mkewe kama anayemwomba aingilie. Etagegn alikuwa anamvisha Arsema soksi. "Piga simu wewe," alimwambia bila kuinua macho. "Kabla hawajapiga wao."

Alipiga. Msimamizi wa magari alikuwa mtu wa sauti kubwa, wote walimsikia. Alitaka kujua nani ataendesha kama Getaneh haendeshi, na kama anaumwa alete karatasi ya daktari.

"Siumwi," Getaneh alisema. "Sijalala siku nane. Jumanne ile hapakuwa na mbwa."

Sauti ya msimamizi ikasema, usizime simu, na simu ikakatika.

Getaneh alimpa mkewe simu kama mtu anayekabidhi mzigo. Akajinyoosha pale pale ukingoni mwa shimo la mchanga, kwenye kipande cha jua kilichobaki, sweta ya Yafet chini ya kichwa. Alisema anapumzisha mgongo tu. Etete Zinash alishaanza kuzoa pilipili zake, anazisukuma kwenye magunia kwa mikono yote miwili, kwa kishindo, bila kumwangalia mtu. Gashe Belihu alikuja kumshikia mdomo wa gunia, akafukuzwa, akarudi tena. Hapo watoto wa shule wakaingia getini, kundi zima na mikoba yao, wakipiga kelele za kufunguliwa, na wa kwanza akairukia bembea, mnyororo ukaanza kulia. Etagegn alinyoosha mkono kuwanyamazisha kwa mazoea. Kisha akamtazama mumewe.

Mdomo ulikuwa wazi. Kidole kimoja kilikuwa kinacheza chenyewe juu ya udongo. Mpira ulimpita hatua moja kutoka sikioni, hakutikisika.

Simu ilitetemeka mkononi mwa Etagegn. Alilisoma jina la msimamizi mpaka likazimika. Likawaka tena. Safari hii alipokea.

"Mpe Getaneh."

"Siwezi kumwamsha."

"Dada, nimeuliza ofisini, wanataka kuzungumza naye sasa hivi. Sasa hivi, si kesho. Unanielewa? Wanaweza kumwondoa leo leo."

Etagegn alimtazama yule mtu aliyelala kwenye udongo na ubavu unaopanda na kushuka. Alijua kwamba akimgusa bega ataamka, atasimama, ataomba radhi, na pengine saa kumi na mbili atakuwa kwenye usukani.

"Nimekuelewa, kaka," alisema. "Mtafuteni dereva mwingine wa leo. Akiamka nitamwambia mlipiga."

Akaiweka simu mfukoni. Yafet alikuwa amesimama mbele yake, macho yamevimba, kifua kinanuka maziwa.

"Mama, Etete ameondoa. Naweza kuteleza sasa?"

Mtelezo ulikuwa mtupu kweli. Lakini mbegu za pilipili zilikuwa zimenata kwenye bati kutoka juu hadi chini, mamia, na vumbi jekundu limejaa kwenye maungio.

"Bado," Etagegn alisema.

"Bado mpaka lini?"

Alivua shela yake, iliyokwisha kuharibika kwa maziwa, akailowesha kwenye ndoo ya Gashe Belihu, akaanza kusugua bati kutoka juu, mbegu moja inatoka, mbili zinabaki. Upande wa pili wa kiwanja Etete Zinash alikuwa akifunga gunia la mwisho kwa kamba. Alimwona anavyosugua. Hakuja kumsaidia. Aliinua gunia begani, akaenda zake kugonga milango.